Ruta ya mtumba imenitia wazimu: kila saa 3 usiku intaneti inakata. Ni ruta, ni laini, au ni mimi?

#1 Mkaa Kimara (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni.

Nyumbani nina faiba ya Mbps 20, huu mwaka wa pili. Kile kiboksi cheupe alichofunga fundi wa kampuni kiko sebuleni kwenye meza ya TV, na Wi-Fi yake ilikuwa haifiki chumbani. Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikachukua ruta ya mtumba yenye antena nne kwa 35,000. Muuzaji akaiwasha pale pale, taa zikawaka, nikalipa nikaondoka kifua mbele.

Sasa balaa lenyewe. Mchana kutwa safi. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku naangalia mtandaoni bila kukwama. Ikifika saa 3 na dakika zake, basi. Simu inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Inarudi yenyewe saa 5, siku nyingine saa 6. Leo siku ya tisa. Na taa hazizimi, zinawaka kama mti wa Krismasi.

Kampuni nimewapigia, wanasema laini yangu "inasoma vizuri". Mke wangu anasema nirudishe ruta. Muuzaji hapokei simu.

Mwenye uzoefu anisaidie. Wale wa "nunua mpya" naomba mpite kimya kimya.

#2 Koplo Mstaafu
Nunua mpya.

#3 Waya Mwekundu
Mkuu, usikimbilie ruta wala kampuni kabla hujajua kinachokufa ni kipi. Ikikata leo fanya hivi. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye kiboksi cheupe, ruta ya mtumba iweke pembeni. Intaneti ikiwepo, mchawi ni ruta. Isipokuwepo, iache ruta ya watu ipumzike.

Halafu niambie taa za kiboksi wakati huo. Ile ya PON (ya kuungana na kampuni) imetulia kijani au inapepesa? Ile ya LOS (ya mwanga wa faiba kupotea) inawaka nyekundu au imezima?

#4 Mkaa Kimara
@Waya Mwekundu asante. PON kijani imetulia, LOS imezima. Laptopu yangu ni hizi nyembamba, haina tundu la waya wa mtandao.

#5 Waya Mwekundu
Basi mwanga wa faiba unafika, hilo tumelitoa. La laptopu azima ya jirani.

#6 Dada wa Tegeta
Mimi yangu ilikuwa inafanya hivyo hivyo, nikaambiwa joto. Niliiweka juu ya friji, nyuma ya pazia. Fundi alipoifungua tukakuta MENDE. Ukoo mzima: mayai, watoto na wazee. Wanapenda ndani ya ruta kwa sababu kuna joto muda wote. Kibao chote kilikuwa na madoa meusi. Akakipiga brashi na spiriti, nikakitumia mwaka mzima tena. Itikise yako kwanza usikie.

#7 Mkaa Kimara
Nimeitikisa. Kuna kitu kinacheza ndani. Sijui ni mende au skrubu.

#8 Koplo Mstaafu
Akikohoa ni mende.

#9 Njoro wa Kasarani
Salamu kutoka Nairobi. Sisi tunaoishi kwenye ploti za ghorofa tunaijua hii. Saa tatu usiku kila mtu yuko kwa nyumba na Wi-Fi yake imewaka. Kwangu nikifungua ile programu ya kupima mawimbi naona mitandao zaidi ya 30, na karibu yote imejazana chaneli 6. Hizo ruta za zamani hukaa kwa chaneli moja tu bila kuhama. Ingia kwa setingi uitoe 6, uipeleke 3 au 4 ambako hakuna watu.

#10 Chaki Nyeupe
@Njoro wa Kasarani nakubaliana na wewe hadi pale mwisho. Chaneli 3 au 4 ndiyo mbaya zaidi. Kwenye bendi ya GHz 2.4 chaneli zinapandana, zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Ukikaa 3 unagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wao wanagombana na wewe. Bora ubanane na wa 6 mpeane zamu.

Kama ina GHz 5, ahamie huko. Majirani wengi hawapo.

#11 Njoro wa Kasarani
@Chaki Nyeupe sawa mwalimu. Lakini kwangu 3 ilifanya.

#12 Bonde la Msimbazi
GHz 5 ndiyo inafika mbali zaidi pia, ndiyo maana ni tano. Ahamie tu.

#13 Chaki Nyeupe
Hapana jamani. Ina kasi zaidi, lakini kuta inazichukia. Ukuta mmoja wa tofali unaimeza kuliko unavyomeza 2.4. Na huyu ndugu yetu tatizo lililompeleka Kariakoo ni chumbani kutofika.

#14 Mpemba Halisi
Assalaam aleikum. Mimi nauliza kitu chengine. Hiyo adapta iliyokuja nayo ndiyo yake? Maana huku mitumba ya Japani tunaipata sana, na kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Ndugu yangu alichomeka ruta ya Japani na adapta yake kwenye ukuta wa 230, ikatoa moshi hata kahawa haijachemka. Tokea siku ile mimi kitu cha mwanzo nasoma maandishi ya adapta.

#15 Mkaa Kimara
@Mpemba Halisi waaleikum salaam. Nimegeuza vyote viwili chini ya taa. Ruta chini imeandikwa 12V, 1A. Adapta imeandikwa 12V, 0.5A, na jina la kampuni nyingine kabisa. Hii ni ya king'amuzi au?

#16 Fundi Sanga Mabati
Umejipiga mwenyewe bosi. Volti zinalingana ndiyo maana imewaka dukani, lakini ampea ni nusu. Mchana ukiwa peke yako inavumilia. Usiku simu nne, TV, watoto, redio ya Wi-Fi inavuta moto mwingi, adapta inazidiwa, volti inashuka. Jumlisha na umeme wa mtaani unaodorora jioni watu wakipika na kupiga pasi. Nimefungua ruta za hivi nyingi, unakuta kapasita zimevimba kichwa kama chapati. Adapta ya 12V 1A ni kitu kidogo sana, badilisha ulale.

#17 Waya Mwekundu
@Fundi Sanga Mabati ya adapta abadilishe, hilo halina ubishi. Ila moto ukipungua ruta huzima na kuwaka upya, na yeye anasema taa hazizimi.

@Mkaa Kimara ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya hali yake, inaonyesha imewaka kwa muda gani. Kama inajizima usiku, pale utakuta masaa machache tu.

#18 Mkaa Kimara
Imeandika siku 4, masaa 6. Nadhani ni tangu siku ile Luku ilipoisha.

#19 Waya Mwekundu
Basi haijazima.

#20 Fundi Sanga Mabati
Ruta kutozima haimaanishi kila kitu ndani kiko sawa. Chipu ya Wi-Fi inaweza kulala peke yake na ubongo ukaendelea. Nyie wa setingi mnaangalia kioo, sisi tunaangalia mita.

#21 Chaki Nyeupe
Chipu ya Wi-Fi ikilala, simu isingeonyesha mistari imejaa. Amesema #1.

#22 Fundi Sanga Mabati
Haya.

#23 Bonde la Msimbazi
Au ni nyaya za baharini? Mnakumbuka 2024 tulivyokaa gizani.

#24 Koplo Mstaafu
12 Mei 2024, Jumapili. Ile ilikatika nchi kibao kwa wakati mmoja. Hii ya kwake inakatika chumba na sebule. Papa hawana ratiba ya saa 3.

#25 Kisima cha Kale
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza waya kutoka kiboksi cheupe umeingia tundu gani la ruta. Kwa kawaida tundu la WAN, yaani la kupokea intaneti, lina rangi yake, mara nyingi bluu, na mengine manne ya njano. Wako umeingia lipi?

#26 Mkaa Kimara
La njano. Lile la bluu nilijaribu siku ya kwanza hakukuwa na intaneti kabisa, nikahamisha njano ikakubali.

#27 Kisima cha Kale
Nilijua. Sasa sikiliza. Kiboksi cheupe kinagawa anwani za IP (namba ya kila kifaa kwenye mtandao) kwa vifaa vya nyumbani. Ruta yako nayo inagawa. Ukiunganisha njano kwa njano, umeweka makondakta wawili kwenye daladala moja, kila mmoja anakata tiketi zake. Simu ikipata anwani kutoka kwa kiboksi, intaneti ipo. Ikipata kutoka kwa ruta, inaambiwa "njia ya kutokea ni mimi", na ruta yenyewe haina pa kutokea. Hapo ndipo unaona mistari imejaa na hakuna kinachofunguka.

Na dau langu: vyote viwili vinajiita 192.168.1.1. Ndiyo maana la bluu liligoma, maana ruta haiwezi kuwa na mtaa uleule ndani na nje.

Dawa: ama uzime ugawaji wa anwani (DHCP) kwenye ruta, uipe 192.168.1.2, ubaki njano. Ama ubadilishe mtaa wake wa ndani uwe 192.168.5.1 kisha uchomeke bluu.

#28 Dada wa Tegeta
Makondakta wawili 😂😂 hii nimeelewa mimi nisiyejua kitu.

#29 Waya Mwekundu
@Kisima cha Kale heshima yako. Hilo ni kosa kweli na alirekebishe. Lakini mbona saa 3? Makondakta wawili wangegombana na saa 4 asubuhi.

#30 Kisima cha Kale
Asubuhi nyumbani kuna nani? Simu zikirudi jioni zote zinaomba anwani upya. Aliye karibu na mlango ndiye anajibu kwanza.

#31 Waya Mwekundu
Wanarudi saa 12, saa 1. Saa 2 anaangalia taarifa ya habari safi.

#32 Kisima cha Kale
Sikusema ni sayansi ya roketi, nimesema achomoe njano.

#33 Mtoro wa Muscat
Mimi nilirudi na ruta ya 5G kutoka Muscat, mpya kabisa kwenye boksi lake, nikijua nitatamba. Kumbe imefungwa kwa laini za kampuni ya kule. Laini ya hapa ikiingia inaandika SIM si sahihi. Sasa hivi imeshikilia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Anayejua kuifungua aje inbox.

#34 Koplo Mstaafu
@Mtoro wa Muscat wewe una 5G ya mlango.

#35 Bonde la Msimbazi
Hapo hapo niulize, ruta za laini za mitumba nazo zina IMEI. Haziwezi kuzimwa kama zile simu feki 2016?

#36 Koplo Mstaafu
16 Juni 2016, saa 6 usiku. Mimi nilikuwa na simu ya laini tatu na tochi, ikaondoka nayo. Ila zile zilikuwa na IMEI bandia. Ruta halisi iliyotumika si feki. Fungua uzi wako.

#37 Neema Kali
Mnasahau usalama jamani. Ruta ya mtumba hujui aliyekuwa nayo alifanya nini ndani. Mtu anaweza kubadilisha DNS tu (kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba yake), ukiandika anwani ya benki unapelekwa kwingine na huoni tofauti. Kulikuwa na kirusi cha ruta 2016, VPNFilter, kiliingia ruta nusu milioni.

#38 Chaki Nyeupe
@Neema Kali hoja nzuri, mwaka tu. VPNFilter ilitangazwa Mei 2018, ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54. Ya 2016 ilikuwa Mirai, ile ya kamera na ruta zenye paswedi za kiwandani. Mwezi Novemba mwaka ule Ujerumani wateja wapatao 900,000 walipoteza huduma kwa ajili ya toleo lake moja.

#39 Neema Kali
Asante kwa kunisahihisha. Ushauri unabaki: chukua kijiti cha meno, bonyeza kile kitundu cha nyuma sekunde 10 hadi taa zote zipepese, badilisha paswedi ya kuingilia, tia programu mpya kutoka tovuti ya aliyeitengeneza, zima usimamizi wa kutoka nje. Na DNS weka mwenyewe, 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

#40 Njoro wa Kasarani
Swali kwa mwenye uzi. Uliiriseti siku ulinunua?

#41 Mkaa Kimara
Muuzaji alinipa paswedi kwenye karatasi nikaitumia hiyo hiyo. Sikuriseti.

#42 Neema Kali
Yesu wangu.

#43 Chaki Nyeupe
Kama hukuriseti, basi setingi za mwenye ruta wa kwanza zimo humo. USIRISETI KWANZA. Ingia kwenye sehemu ya udhibiti wa wazazi utuambie kuna nini. Na angalia saa ya ruta inasema ngapi.

#44 Mkaa Kimara
Wakuu. Nimeingia. Mikono inatetemeka.

Kuna sheria moja. Jina lake "Junior". Inazuia intaneti kuanzia 21:00 hadi 05:00, kila siku.

#45 Bonde la Msimbazi
21:00 NDIYO SAA 3 USIKU!!! Kesi imekwisha. Mods fungeni uzi.

#46 Dada wa Tegeta
Maskini Junior. Yuko wapi sasa hivi, anaangalia katuni kwa bando la mama yake.

#47 Koplo Mstaafu
Siku tisa mwanaume mzima unalazwa na baba yake Junior.

#48 Chaki Nyeupe
Taratibu. Saa ya ruta inasema ngapi?

#49 Mkaa Kimara
Sasa hivi ukutani kwangu saa 3 na dakika 7 usiku. Ruta inasema 02:07.

#50 Chaki Nyeupe
Basi kesi haijakwisha. Iko mbele yako kwa masaa matano, majira ya China, labda ndivyo ilivyotoka kiwandani. 21:00 ya ruta ni saa 10 jioni kwako. 05:00 yake ni saa 6 usiku kwako. Kwa hiyo Junior anafungiwa saa 10 jioni na kufunguliwa saa 6 usiku.

#51 Kisima cha Kale
Mwisho unalingana, mwanzo haulingani. Alisema inarudi saa 5 au saa 6.

#52 Waya Mwekundu
Na je, hiyo sheria ni ya vifaa vyote au cha Junior tu? Nyingi hufungwa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa kimoja.

#53 Mkaa Kimara
Kuna namba ya MAC moja pale, haifanani na ya simu yangu wala ya TV. Ila nimemuuliza mke wangu, anasema yeye jioni huwa anatumia bando la simu kwa sababu "Wi-Fi yako haieleweki". Tangu lini, hasemi.

#54 Njoro wa Kasarani
Simu za siku hizi hubadilisha MAC zenyewe, zinajificha. Lakini kuangukia ile ya Junior, hiyo ni bahati ya kushinda jakpoti.

#55 Tai wa Usambara
Samahani kuingia katikati. Faiba ya aina ya GPON ni waya mmoja wenye Gbps 2.5 hivi kushuka, unagawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Saa 3 mpira, tamthilia, watoto, wote mko humo. Mimi naona ni msongamano, ruta mnaionea bure.

#56 Waya Mwekundu
Msongamano unapunguza kasi, unazungusha kile kiduara. Hauui kabisa kwa masaa mawili.

#57 Tai wa Usambara
Inategemea uchoyo wa anayegawa.

#58 Saidi wa Mabibo
Mimi kesi yangu ilikuwa WhatsApp inaenda, tovuti ya benki haifunguki, kwenye ruta ya mtumba pia. Shida ilikuwa MTU, yaani ukubwa wa kifurushi kimoja cha data. Kampuni yetu inatumia PPPoE (kuunganishwa kwa jina na paswedi), ambayo inakula baiti 8, kwa hiyo inatakiwa 1492 na mwenzangu alikuwa ameacha 1500. Nikaandika 1492, benki ikafunguka, nikakuta salio ni lile lile. Si tatizo la mwenye uzi lakini atakayetafuta humu siku moja alikute.

#59 Mkaa Kimara
MREJESHO. Jumamosi nimefanya haya: nimefuta sheria ya Junior, nimeriseti kwa kijiti, nimenunua adapta ya 12V 1A, nimeipa ruta 192.168.5.1 na kuhamia tundu la bluu, nimeweka chaneli 11 na DNS 1.1.1.1. Jumamosi usiku safi. Jumapili safi hadi saa 7. Asanteni sana wote, Mungu awabariki.

#60 Kisima cha Kale
Bluu hiyo.

#61 Fundi Sanga Mabati
Adapta hiyo. Niliwaambia.

#62 Bonde la Msimbazi
Junior.

#63 Waya Mwekundu
Umebadilisha vitu sita kwa siku moja, sasa tutajuaje? Mganga akikupa dawa sita ukapona unamlipa yupi? Na wikiendi huenda nusu ya mtaa walikuwa harusini.

#64 Mkaa Kimara
Mkuu nilikuwa nimechoka.

#65 Mkaa Kimara
Wakuu. Jumatatu. Imekata saa 3 na dakika 20. Imerudi baada ya dakika 10 hivi, si masaa kama zamani. Mke wangu ananiangalia tu.

#66 Tai wa Usambara
Nilikaa kimya makusudi.

#67 Fundi Sanga Mabati
Hiyo adapta umenunua wapi? Zipo zinazoandikwa 1A na ndani hazina hata nusu. Ipime na mita.

#68 Chaki Nyeupe
Ikikata tena, kwa simu tu, tafuta programu ya kupiga ping (kubisha hodi kwenye kifaa uone kama kinajibu). Piga 192.168.5.1. Isipojibu, ni Wi-Fi. Ikijibu, piga 192.168.1.1, kile kiboksi cheupe. Kisipojibu, ni waya kati yao au hilo tundu la bluu. Kikijibu, piga 8.8.8.8. Isipojibu, ni kampuni. Ikijibu na kurasa hazifunguki, ni DNS. Dakika mbili, na wote humu tutanyamaza.

#69 Koplo Mstaafu
Mimi sitanyamaza.

#70 Mkaa Kimara
Jana ikakata, nikapiga. Ya kwanza ilijibu. Kiboksi cheupe kilijibu mara mbili, mara ya tatu kikakaa kimya, mara ya nne kikajibu. Nilipofika 8.8.8.8 intaneti ilikuwa imesharudi.

#71 Fundi Sanga Mabati
Waya! Huo mfupi unaounganisha, ulikuja na ruta?

#72 Mkaa Kimara
Ndiyo. Kikonyo chake kimekatika, nimeubana na karatasi.

#73 Dada wa Tegeta
Jamani 😂

#74 Tai wa Usambara
Au kiboksi cheupe chenyewe kimeelemewa. Kina mwaka wa pili juu ya meza ya TV, nani amekigusa? Mtumba mnausingizia.

#75 Waya Mwekundu
Tangu #3 nimeomba kitu kimoja tu. Laptopu, waya, kiboksi cheupe. Tuko #75.

#76 Mkaa Kimara
@Waya Mwekundu mkuu usikasirike, leo nimepita Kariakoo nimepata kile cha kuchomeka waya wa mtandao kwenye laptopu. Pamoja na waya mwingine mfupi. Mtumba lakini safi, 8,000 vyote viwili. Jamaa alinichomekea pale pale, taa ikawaka.

#77 Koplo Mstaafu
Taa ikawaka.